Kumtumaini Mungu si kumpangia tarehe

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Sisi ni wahudumu wa ziara za wagonjwa na wafiwa kutoka makanisa kadhaa ya hapa Tanga mjini, Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana. Kazi yetu ni kupita nyumba kwa nyumba, Ngamiani, Makorora hadi Mikanjuni, na wodini katika hospitali ya Bombo saa za kuona wagonjwa zinaporuhusu. Tunaandika kwa sababu yapo mahubiri ya vipaza sauti yanayowafundisha waumini kwamba mwenye shida akimtumaini Mungu sawasawa, shida itaondoka kwa tarehe inayotajwa: siku tatu, siku saba, "kabla mwezi huu haujaisha". Tarehe ikipita na shida ikabaki pale pale, lawama zinamwangukia mgonjwa. Anaambiwa imani yake ni haba, au nyumbani kwake kuna dhambi iliyofichwa. Mwisho anaambiwa aache dawa, ili aonyeshe kwamba safari hii ameamini kweli.

Biblia inamtaja nabii aliyetangaza tarehe namna hiyo. Katika Yeremia sura ya 28, Hanania alisimama hekaluni Yerusalemu, mbele ya makuhani na watu wote, akasema kwamba ndani ya miaka miwili mateka wote watarudi kutoka Babeli. Akaivua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja. Yeremia alimjibu "Amina", maana hata yeye angefurahi iwe hivyo. Lakini neno alilokuwa nalo lilikuwa la miaka 70 huko Babeli. Ndiyo maana katika barua yake ya sura ya 29 aliwaagiza mateka wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji ule ule waliopelekwa utumwani. Mstari wa 11, ule wa "mawazo ya amani wala si ya mabaya" ambao siku hizi unabandikwa hata kwenye vioo vya bajaji, unafuata mara tu baada ya ile miaka 70 ya mstari wa 10. Mtu mwenye umri wa miaka 40 aliyesikia barua hiyo ikisomwa alijua kwamba atazikwa Babeli. Ahadi ilikuwa ya kweli na ilikuwa yake, ila kutimia kwake kungeonwa na wajukuu. Hanania alikufa mwaka ule ule.

Kabla msomaji hajatuelewa vibaya: tunaombea wagonjwa wapone, na wagonjwa wengine hupona. Yakobo 5:14 inaagiza wazee wa kanisa waitwe, wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta, nasi hufanya hivyo. Tunachokikataa ni kuligeuza agizo hilo kuwa mtihani ambao mgonjwa anafaulu au kufeli. Paulo alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa hawezi. Epafrodito aliugua karibu ya kufa. Timotheo alikuwa na shida ya tumbo na maradhi ya mara kwa mara, akashauriwa atumie mvinyo kidogo. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akajibiwa kwamba neema inamtosha, na mwiba ukabaki. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeambiwa kwamba imani yake ina kasoro.

Sasa tuseme kuhusu dawa, maana huko ndiko watu wanakokufa.

Mtu anayemeza ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kila siku bila kukosa hufikia hatua ambapo kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha kwamba virusi "havionekani". Karatasi hiyo ikifika mikononi mwa mhubiri asiyeelewa, au anayejifanya haelewi, inasomwa madhabahuni kama cheti cha uponyaji. Maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi: virusi vimefubazwa hadi kipimo hakivioni kwenye damu, lakini vingine bado vimejificha mwilini. Dawa ikiachwa, kwa walio wengi vinaibuka tena ndani ya wiki chache. Na yule anayeacha, akarudia, akaacha tena baada ya mkesha mwingine, anavipa virusi nafasi ya kuwa sugu, hata dawa ile ya mwanzo isifae tena.

Kifua kikuu kina mtego wake. Matibabu ya kawaida ni miezi sita: miezi miwili ya mwanzo dawa nne, kisha miezi minne dawa mbili. Homa, jasho la usiku na kikohozi hupungua ndani ya wiki chache, mgonjwa anaanza kula vizuri na kunenepa. Hapo ndipo ushuhuda unatolewa na vidonge vinatupwa. Vijidudu vilivyobaki ni vile vigumu kufa, na ugonjwa ukirudi huwa unamwambukiza pia anayelala chumba kimoja naye. Mwenye kisukari anayetegemea sindano ya insulini kila siku akiiacha kabisa anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata degedege la mfululizo lisilokatika. Mwenye shinikizo la damu hasikii chochote akiacha, na hilo ndilo baya, kwa sababu anadhani amepona mpaka siku kiharusi kinapomwangusha.

Mfungo nao uangaliwe. Mfungo mkavu wa siku tatu, bila chakula wala maji, haumfai mjamzito, mama anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, wala anayemeza dawa zinazotaka chakula. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa mjini, wanajua kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga Ramadhani. Ni aibu Mkristo kumlazimisha mgonjwa wa sukari afunge wakati jirani yake wa ukuta mmoja angemwambia ale.

Kuna watakaosema kwamba mwenye kumeza dawa anagawanya tumaini lake, nusu kwa Mungu na nusu kwa daktari. Wasome Isaya 38. Hezekia aliugua, akalia, akaomba, akaahidiwa miaka 15 zaidi. Baada ya ahadi hiyo kutoka kinywani mwa Mungu, Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilitangulia, na dawa ikapakwa.

Kwa watu wa mwambao kuna sura iliyo karibu zaidi, nayo ni Matendo 27. Tunaipendekeza isomwe yote katika jumuiya, polepole, na kama yupo mvuvi au baharia, yeye ndiye aisome. Paulo alikuwa mfungwa ndani ya merikebu. Majira ya kusafiri yalikuwa yamepita, naye aliwaonya wasiondoke Bandari Nzuri, lakini akida, yaani mkuu wa askari waliomlinda, alimsikiliza nahodha na mwenye chombo. Kwa hiyo dhoruba ile ilimkuta Paulo kwa uamuzi mbaya wa watu wengine. Mwenye kuuliza "alikosa nini?" aanzie hapo. Tufani ya Eurakilo ikawachukua siku nyingi bila kuona jua wala nyota. Kisha malaika akamwambia Paulo asiogope, kwa kuwa Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye.

Angalia walichofanya baada ya ahadi hiyo. Usiku wa 14 mabaharia walihisi nchi iko karibu, wakapima maji wakapata pima 20. Wakasogea kidogo, wakapima tena, pima 15. Kwa kuogopa miamba, wakatia nanga nne za tezi, yaani nyuma ya chombo, na kuomba kuche. Mabaharia walipoteremsha mashua wakitaka kutoroka, huku wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo, yaani mbele ya chombo, Paulo alimwambia akida kwamba hawa wasipobaki chomboni hamtaweza kuokoka. Askari wakakata kamba za mashua. Karibu na alfajiri akawasihi wale chakula, kwa kuwa walikuwa hawajala kwa siku 14. Alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaumega, akaanza kula. Walipokwisha kushiba walitupa ngano baharini ili kupunguza uzito. Watu 276. Kulipokucha merikebu ilipwelewa, tezi ikavunjwa na mawimbi, wenye kujua kuogelea wakatangulia na wengine wakashika mbao. Wote wakafika pwani.

Paulo alikuwa na ahadi aliyopewa na malaika, wala hakuwaambia watu wakate nanga ili waonyeshe imani. Ujuzi wa mabaharia ulihitajiwa, chakula kilihitajiwa, hata mbao zilihitajiwa. Na kuna neno dogo katika mstari wa 22 ambalo wengi hulipita: hakuna nafsi itakayopotea, "ila merikebu tu". Chombo hakikuahidiwa. Kazi, biashara, nyumba, hata mguu wa mtu unaweza kupotea wakati Mungu hajamwacha mwenyewe. Anayemhubiria mgonjwa kwamba chombo kitarudi bandarini kizima anaahidi kisichoahidiwa.

Je, mtu aliye katikati ya dhoruba aombe vipi? Hapa tunaona makanisa yetu wenyewe, hata yale ya zamani, yamewapunguzia watu chakula. Zaburi ziko 150 na karibu theluthi moja ni malalamiko, lakini nyingi katika hizo mtu anaweza kukaa kanisani miaka asizisikie zikisomwa kwa sauti. Tunaimba za shangwe. Mtu aliyefiwa akija na machozi hana maneno, na tukimsikia akisema "Mungu amenisahau" tunamziba mdomo, kana kwamba si maneno ya Daudi.

Kwenye ziara, Zaburi tunayoitumia zaidi ni ya 13, kwa sababu ina mistari sita tu na mgonjwa hachoki. Mistari miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Msomaji aisome mara mbili, kisha anyamaze. Anyamaze kweli, bila kukohoa wala kufungua ukurasa mwingine. Mara nyingi mgonjwa ataongeza "hata lini" zake: hata lini nitageuzwa kitandani na binti yangu, hata lini mwenye nyumba atasimama mlangoni. Usimsahihishe. Mistari ya 3 na 4 ni ombi, na hapa mwulize mgonjwa anataka kuomba jambo gani moja, lililo wazi: kulala usiku huu, maumivu ya mgongo yapungue, mtoto apokelewe shule. Ombi la "baraka zote" halimsaidii, kwa sababu kesho hatajua kama limejibiwa. Mistari ya 5 na 6 ni ya tumaini: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Kati ya mstari wa 4 na wa 5 Zaburi haisemi kwamba adui ameondoka au ugonjwa umepona. Mwombaji anaitamka imani akiwa bado katika hali ile ile. Mgonjwa asipokuwa tayari kuisema mistari hii miwili, acha. Utarudi siku nyingine. Zaburi ya 88 haifiki kwenye mistari ya namna hiyo hata kidogo, inaishia gizani, nayo imo ndani ya Biblia kama zile nyingine. Yesu msalabani alitamka mwanzo wa Zaburi ya 22, ambao ni swali.

Kosa kubwa la watembeleaji ni kuanzia mstari wa 5. Kosa la pili ni sala inayogeuka mahubiri, ambapo mgonjwa anaombewa huku akisemwa. Ziara ya wodini isizidi dakika 15 au 20, watu wawili au watatu wanatosha, na mtu akae chini kwenye kiti macho yalingane na ya aliyelala. Kabla ya kuondoka uliza swali la kawaida: dawa ya jioni ipo, na nani anakuletea chakula? Tumeona inafaa saa ya dawa ikawa ndiyo saa ya sala. Anayemeza saa 2 usiku anasali saa 2 usiku, na wa nyumbani wakisikia sala wanajua kidonge kimemezwa.

Msibani kuna maneno yanayotoka yenyewe. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni maneno ya Ayubu, aliyasema aliyefiwa mwenyewe, na mgeni hakupewa ayaseme kwa niaba yake. "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba" watu hulitegemeza kwenye 1 Wakorintho 10:13, lakini mahali pale Paulo anazungumzia vishawishi, na mstari unaofuata unasema waikimbie ibada ya sanamu. Kuhusu mizigo ya maisha, Paulo huyo huyo anasema katika 2 Wakorintho 1:8 kwamba walilemewa kuliko nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Mama aliyezika watoto wawili ana haki ya kusema mzigo umemzidi. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hadi hapo walifanya vizuri. Walipofungua midomo wakaanza kutafuta dhambi yake, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, na yule aliyelalamika ndiye wanayeambiwa wamwendee awaombee. "Pole sana, tupo" inatosha.

Fedha. Mwenye shida ndiye anayebanwa zaidi kutoa "mbegu", na wapo wanaokwenda kukopa mikopo ya kausha damu ili wapate sadaka ya kufungua milango. Rejesho linaanza wiki hiyo hiyo, mtaji wa vitumbua unakwisha, na anayekuja kubeba kabati si shetani, ni mkopeshaji. 2 Wakorintho 8:12 inasema utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Na mjane wa 2 Wafalme 4, mafuta yalipojaa vyombo, Elisha alimwambia akayauze, alipe deni, na kilichosalia atumie yeye na watoto wake. Hata muujiza uliishia kwa mdai kulipwa. Kiongozi wa kanisa anayejua muumini anadaiwa amsaidie kuandika madeni yote kwenye karatasi moja, nani, kiasi gani, lini, riba kiasi gani, na amsindikize kuomba muda kwa wadai kabla tarehe haijafika. Mdai anayefuatwa mapema mara nyingi hukubali; anayekimbiwa hupandisha sauti.

Misaada yetu nayo ina tabia ya kujaa siku tatu za kwanza na kukauka baada ya arobaini. Unga kilo tano unaonekana mwingi ukiwa mkononi, ila nyumba ya watu watano inayosonga ugali mchana na jioni humaliza karibu kilo mbili kwa siku. Ni heri jumuiya igawe zamu: nyumba moja wiki hii, nyingine wiki ijayo, hadi miezi mitatu, kuliko wote kufika Jumamosi moja na mifuko. Rambirambi zihesabiwe na watu wawili, ziandikwe daftarini, na mfiwa akabidhiwe fedha pamoja na orodha siku ile ile. Wafiwa wenye watoto wa shule wakumbukwe Januari, hata kama msiba ulikuwa Juni. Nauli ya kwenda kliniki ni shilingi chache kwa anayefanya kazi, lakini kwa wengine ndiyo sababu ya kukosa dawa mwezi mzima. Kabla ya kumuuliza mtu kama bado anaamini, muulize kama ana nauli.

Ndugu Mhariri, tuna ombi kwa gazeti lako na kwa redio za hapa. Mnapopokea ushuhuda wa uponyaji, pokeeni, lakini ulizeni maswali matatu: ugonjwa ulipimwa wapi kabla, umepimwa tena wapi baada, na mgonjwa ameambiwa na nani aendelee au aache dawa. Hilo si kumjaribu Mungu. Katika Walawi 13, mtu aliyeshukiwa ukoma aliangaliwa na kuhani, akatengwa siku saba, akaangaliwa tena, na ikibidi siku saba nyingine. Wenye ukoma kumi wa Luka 17 waliambiwa na Yesu mwenyewe waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao walitakasika wakiwa njiani. Siku hizi anayepima ni mtaalamu wa maabara, na matangazo ya "njoo na mgonjwa wako, dawa acha nyumbani" yasichapishwe wala kusomwa hewani kabla hajaulizwa.

Kwa mgonjwa ambaye tayari ameacha dawa kwa sababu hizi na anaona haya kurudi: nenda kituo kile kile ulichokuwa unachukulia, useme umeacha tangu lini, usipunguze siku. Usianze tena mwenyewe kwa vidonge ulivyoficha kabatini, kwa kuwa huenda ukahitaji kipimo kwanza au dawa tofauti. Ukitaka mtu wa kukusindikiza, mwombe mzee wa kanisa lolote lililo karibu nawe.

Wahudumu wa wagonjwa na wafiwa,
Tanga.